Kupanga soda wanataka Good Conduct. Kukaa na watoto, hakuna anayeuliza

Leo naweka vichekesho kando kidogo, juu kuna kitu kimenikaa kooni karibu wiki mbili. Video ya nyama choma za Makutano itakuja Ijumaa kama kawaida. Hii ni ya kusoma, na ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na bando inaisha, isave usome ukifika.

Tuanze na hesabu. Cheti cha Good Conduct, ambacho siku hizi jina lake la ofisini ni Police Clearance Certificate, ni shilingi 1,050 kwa eCitizen. Elfu moja ni ya cheti, hamsini ni ya kulipia mtandao. Ukishalipa unaprint risiti na fomu inaitwa C24, na hiyo C24 lazima iwe karatasi moja pande mbili. Ukiprint karatasi mbili unarudishwa saiba kama mtoto aliyesahau daftari. Halafu unapanga foleni Huduma Centre ama ofisi ya DCI, unapakwa wino mweusi kidole kimoja kimoja mpaka vyote kumi, na huo wino jamani haujui sabuni. Utakula chapati na vidole vyeusi siku mbili. Baada ya hapo unangoja cheti kitokee kwa akaunti yako.

Mimi niko Makutano, Huduma Centre ya Meru naenda na miguu. Msee wa Laare ama Mutuati anaongeza nauli ya kwenda na kurudi, ya saiba, na ya chai kama foleni imelala. Na waajiri wengi wanakwambia cheti kisiwe kimepitisha mwaka mmoja. Ukikosa kazi mwaka huu, mwaka ujao unalipa tena ili uthibitishe kwamba huo mwaka wote hukuwa na kazi na pia hukuiba.

Nilipoachana na kampo, hata kabla nianze hizi kontenti, nilienda kuomba kazi ya kupanga bidhaa kwa duka moja kubwa. Sitalitaja. Tangazo lilisema kuja na CV, kopi ya kitambulisho na Good Conduct "halali". Tulikuwa kama watu sitini kwa foleni na nafasi zilikuwa nne. Piga hesabu: watu sitini mara 1,050 ni 63,000. Wanne wakaingia. Hamsini na sita tukarudi nyumbani na vyeti vya 58,800 vya kuonyesha mathe. Na hakuna mtu aliyetuambia kwa nini mtu wa kupanga soda kwa rafu anahitaji kuchunguzwa alama za vidole kabla hata hajaulizwa jina.

Na kumbuka hii ni kitu ambacho sheria ilishagusa. Mwaka 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa, na inasema mwajiri asikudai vyeti vya aina hii isipokuwa ana nia ya kukupa mkataba wa maandishi. Yaani kwanza akuchague, ndio akutume kwa DCI. Wangapi wenu mmewahi kuona hiyo ikifuatwa? Tembea Makutano usome matangazo yaliyobandikwa kwa nguzo za stima. Vyeti vinaitishwa siku ya kwanza, kama tiketi ya mlangoni.

Sasa shika hiyo picha, halafu nikupeleke upande mwingine.

Mwaka huo huo niliitwa kushuti video za kambi ya watoto ya likizo. Pia hiyo sitaitaja jina. Watoto wa darasa la tatu mpaka la saba, siku nne, wanalala huko huko. Mimi nilikuwa na kamera na tripodi ya kuazima. Nilipewa fulana ya kambi, nikaandikwa jina kwa kadi kwa kalamu ya wino, na kuanzia hapo watoto wote wakaanza kuniita Uncle. Hakuna aliyeona kitambulisho changu. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Usiku wa pili mlezi mmoja hakufika, na msimamizi akaniambia, kwa upole kabisa, "Uncle, utatusaidia kulala bweni la wale wavulana wadogo?"

Nilimwambia mimi nimekuja na kamera, sikuja na godoro, na amtafute mtu ambaye wazazi wanamjua. Alishangaa. Nadhani aliona nina kiburi. Lakini fikiria: kwa rafu ya soda nilikuwa mtu hatari mpaka DCI waseme vingine. Kwa bweni la watoto wa miaka tisa, fulana ilitosha.

Hiyo ndio story yote ninataka kuongea leo. Nchi hii inachunguza watu, tena sana. Shida ni kwamba inachunguza wale hawana nguvu ya kukataa, na inaachilia pale ambapo uchunguzi ungemwokoa mtu.

Na ukidhani nakuza maneno, kuna mtu anaitwa Gregory Dow. Google itakupa yote. Mmarekani wa Lancaster, Pennsylvania, alikuja Kenya na mwaka 2008 akafungua makao ya watoto Boito, kaunti ya Bomet, akisema ni kazi ya kimisionari. Watoto walimwita baba. Mwaka 2017 alipoanza kuchunguzwa alitoroka akarudi kwao. Aliyemfuatilia mpaka mwisho hakuwa ofisi yoyote kubwa. Ni mwanamke Mkenya aliyekuwa anaishi hilo hilo jimbo la Pennsylvania, alirudi nyumbani kutembea, akasikia mambo, akaanza kuuliza watu maswali na kuandika majibu, ndio FBI wakaingia. Juni 2020 Dow akakubali mashtaka. Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi minane kwa kudhulumu wasichana wanne waliokuwa chini ya ulinzi wake.

Hapa ndipo mimi niliwacha kusoma nikaweka simu chini. Mwaka 1996, huko Iowa, huyo huyo mtu alikuwa amekubali kosa la kushambulia kwa nia ya kudhulumu kingono. Alipewa miaka miwili ya uangalizi na akaamriwa aandikishwe kwenye orodha ya wahalifu wa ngono kwa miaka kumi. Kumi kuanzia 1996 ni 2006. Mwaka 2008 yuko Boito anapokea watoto.

Kwa hivyo historia ilikuwa imeandikwa, na haikuwa siri. Ilikuwa tu kwa bahari ya pili, na upande huu hakuna mtu aliyeinua simu. Tena hata kama mtu angemwitisha Good Conduct ya Kenya, angeipata safi kabisa, juu DCI wanalinganisha vidole vyako na rekodi walizo nazo wao. Vidole vya Iowa haviko Kiambu Road.

Hii ni kitu nataka muelewe vizuri kuhusu hicho cheti, juu watu wengi wanakichukulia kama kipimo cha roho. Wanachukua vidole kwa sababu majina hayasaidii. Ukiita "Mwenda!" hapa steji ya Makutano saa kumi na mbili jioni, boda kumi zitageuka na mbili zitakuja. Kidole ni chako peke yako. Lakini kinachotafutwa kwa hicho kidole ni kama polisi wa Kenya wana rekodi yako ya uhalifu. Kama ulifanya na hukushikwa, uko safi. Kama mtoto aliogopa kusema, uko safi. Kama familia ilikaa chini na wazee wakala mbuzi mambo yakaisha (na huku kwetu tunajua hiyo inafanyika, tusijifanye), uko safi. Kama ulifanyia Uganda ama Marekani, uko safi.

Mtu wa pili ni Matthew Durham wa Oklahoma. Huyu alikuwa kijana wa rika letu, miaka kumi na tisa, ishirini hivi, alikuwa anakuja kujitolea kwa makao ya watoto Juja. 2014 mambo yakajulikana, 2015 akapatikana na hatia kwao Marekani, 2016 akapewa miaka 40. Yeye alikuwa kijana wa kanisa wa kawaida. Cheti kisingemzuia mtu kama huyo. Kilichomfungulia njia ni kwamba mgeni mdogo mwenye tabasamu anaweza kupewa kulala pamoja na watoto, na watu wakamwona ni baraka.

Kwa hivyo ukiniuliza kama nataka cheti zaidi ama kidogo, jibu langu ni kwamba swali limekaa vibaya. Nataka cheti kitoke mahali hakina kazi, kiende mahali kina kazi, na kikifika huko kisiachwe peke yake.

Waingereza walijifunza hii kwa njia mbaya. Mwaka 2002 mwanaume anaitwa Ian Huntley, mtunza majengo wa shule mji mdogo wa Soham, aliua wasichana wawili wa miaka kumi. Baadaye ikajulikana kuwa polisi wa eneo alikotoka walikuwa wamepokea malalamiko juu yake na wasichana, si mara moja. Hakuna hata moja lilikuwa limefika hukumu. Na kazi ya shule alikuwa ameiomba kwa jina lingine la ukoo, Nixon. Uchunguzi wa serikali ulitoka 2004, sheria mpya ikaja 2006, na tangu 2012 wana ofisi moja inaitwa DBS. Kabla ya hiyo, sehemu ya hiyo kazi ilifanywa na ofisi iliyoitwa CRB. Ndio, CRB. Wao CRB ilikuwa ya kuangalia kama umedhuru mtu, sisi CRB ni ya kuangalia kama ulilipa Fuliza. Nacheka lakini si kicheko cha furaha.

Kuna vitu vitatu vya DBS mimi naonea wivu. Cha kwanza, uchunguzi una ngazi. Kazi ya kupanga soda haiwezi kuitisha ule uchunguzi mzito wa mtu anayekaa na watoto, hairuhusiwi. Cha pili, kwa mtu wa kujitolea DBS haitozi kitu. Linganisha na 1,050 ya msee ambaye anataka tu kufundisha watoto mpira Jumamosi. Cha tatu, kuna orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto, na unaweza kuingia humo hata kama korti haikukufunga, ikiwa ushahidi umepimwa ukaonekana mzito.

Sisi pia tuna vipande vya kitu kama hicho, vimetawanyika tu kama kuku wa jirani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliohukumiwa kwa makosa hayo. Muulize pasta wako kama amewahi kuisikia. TSC nao wanafuta walimu kwenye rejista na kuchapisha majina, unasoma bila kulipa kitu. Lakini mwalimu akifutwa leo, kesho anaweza kukodisha chumba akaandika "tuition, maths na sayansi" kwa kibao, na mzazi atampelekea mtoto juu bei ni poa. Hakuna mtu anafungua ile orodha.

Na usinione nawasema walimu tu hivi. Oktoba 2010 ilitangazwa kwamba walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefutwa kazi kwa miaka miwili kwa kudhulumu wasichana. Elfu moja. Mwaka huo huo TSC walitoa waraka wa kulinda wanafunzi. Halafu 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kesi ya wasichana wawili wa shule moja ya msingi Nakuru waliodhulumiwa na mwalimu, na akasema TSC na serikali pia wanabeba lawama, si yule mwalimu pekee. Waliamriwa kulipa, mmoja milioni mbili, mwingine milioni tatu. Kilichonigusa ni vile alikemea tabia ya kuhamisha mtu kutoka shule moja kwenda nyingine na kujifanya tatizo limeisha. Kila mtu aliyesoma shule ya kijijini anamjua mwalimu "aliyehamishwa". Tulikuwa tunajua sababu. Hata sisi watoto tulijua, na ile shule alikopelekwa hawakuambiwa.

Hapo ndio nafikiri dawa ya kweli iko, na ni ya bure: simu. Mtu anakuja kujitolea kwa kanisa lako, ama akademi yako ya mpira, ama makao ya watoto, muulize alikuwa wapi mara ya mwisho na watoto. Chukua namba mbili, zisiwe za shangazi yake. Piga. Uliza swali moja tu: "Ungemrudisha akae na watoto tena?" Halafu nyamaza usikilize. Mtu akisema ndio haraka, sawa. Akianza "eeh, unajua, alikuwa kijana mzuri, lakini..." basi umeshajua kitu ambacho DCI hawangekwambia hata na vidole ishirini.

Kwa mgeni kutoka nje, mwambie alete cheti cha kwao. Waingereza wana kimoja kinaitwa International Child Protection Certificate, kimetengenezwa makusudi kwa watu wanaoenda kufanya kazi na watoto nchi zingine. Nchi zingine zina vyeti vya polisi vyao. Kama mtu amepata pesa ya ndege kutoka Ulaya mpaka Meru, hawezi kukosa ya karatasi. Na hapa niseme kitu kitakachowakera wengine: sisi tuna ugonjwa wa kumwona mzungu akibeba mtoto tukatoa simu kupiga picha. Kijana wetu wa Kaaga akibeba mtoto asiye wake, tunamuuliza maswali. Yule mwingine tunampa kiti cha mbele kanisani. Serikali yenyewe Novemba 2017 ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto, na haikufanya hivyo bure.

Sasa nigeuze upande, juu najua kuna watu watasoma mpaka hapa wakasema, haya, basi kila mwenye rekodi afungiwe nje. Hapana. Hapo tutakosana.

Nina jirani, simwandiki jina, alishikwa na bangi kidogo akiwa na miaka kumi na tisa. Alipelekwa kortini, akakubali juu aliambiwa akikubali ataenda nyumbani haraka, akalipa faini. Leo ana watoto wawili, anaamka saa kumi alfajiri, na hajaguswa na polisi tena. Aliomba kazi ya kulinda geti la ploti. Wakaitisha Good Conduct, ikaja na hiyo kitu, mlango ukafungwa. Geti la ploti, wasee. Hiyo bangi inahusiana aje na kufungua geti? Anafanya mjengo siku akipata, siku akikosa anakaa pale steji na sisi. Mtaa umejaa watu kama yeye. Mtu ana kesi ya chang'aa, mwingine ya kutembea usiku bila sababu ambayo askari aliipenda, mwingine ya kuuza nguo pale kaunti hawataki. Kesi za umaskini.

Na nyinyi mlio shule bado, mnakumbuka miaka michache iliyopita DCI walionya wanafunzi kwamba makosa yao ya shule yatahifadhiwa na kuonekana kwa Good Conduct yao baadaye? Mtoto wa miaka kumi na tano abebe kosa la bweni mpaka akiomba kazi na ndevu. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki ya kupiga.

Waingereza, nirudi kwao mara ya mwisho, wana sheria ya tangu 1974 kwamba makosa mengi madogo, baada ya muda kupita ukiwa umetulia, hulazimiki kuyatangaza kwa kila mwajiri. Lakini kazi ya kukaa na watoto ni tofauti, huko wanaangalia ndani zaidi. Hiyo ndio akili. Unauliza: hili kosa na hii kazi vinahusiana? Aliyeiba pesa, mweke mbali na kaunta ya pesa kwa muda. Aliyedhuru mtoto, asikaribie watoto, tena milele kwa maoni yangu, na msiniletee story za nafasi ya pili kwa hiyo, nafasi ya pili aipate kwa kazi ya simiti. Aliyeshikwa na bangi akiwa na miaka kumi na tisa anaweza kufungua geti.

Nilipoongea haya mambo kwa live wiki iliyopita, kocha mmoja wa timu ya watoto aliniandikia kwamba ninafukuza watu wema. Alisema watu wa kujitolea ni wachache tayari, ukiwaambia walete karatasi ya 1,050 watabaki nyumbani, na watoto watakaa mtaani wakitafuna muguka. Ana hoja, na sikumpuuza. Huko kwetu akademi nyingi ni kocha mmoja, mipira mitatu na uwanja wa kuazima. Nilimjibu hivi: kanisa ama kikundi kilipe. Kikundi kinanunua fulana za kambi, kinakodi spika, kinalipa mimi nije kushuti video. 1,050 kwa kila mtu mzima anayelala na watoto kambini sio pesa ya kushinda hizo. Na kama kweli hakuna hata hiyo, basi anza na vile vya bure. Simu mbili. Kopi ya kitambulisho. Sheria kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali mlango umefungwa, hata pasta, hata kocha mwenyewe, hata Uncle mwenye kamera. Mtu mwema hiyo haimkwazi. Na watoto waambiwe, kwa lugha yao, Kimeru kama ni Kimeru, kwamba wakiguswa vibaya wanaweza kumwambia nani, na namba 116 ni bure na iko wazi usiku na mchana.

Hakunijibu siku mbili. Halafu akaniuliza kama ile C24 inapatikana wapi.

Na sasa upande wangu mimi. Kila likizo ikikaribia napata DM za kutangaza kambi na vikundi vinavyotafuta watu wa kujitolea. Nina wafuasi wengi wadogo, wengine wako darasa la nane, wazazi wao wananijua kwa jina. Kuanzia sasa, kabla sijapost tangazo lako nitakuuliza watoto watalala wapi, watalala na nani, na huyo nani umemchunguza aje. Ukikasirika, sawa. Pesa yako ya tangazo ni elfu mbili, nitaipata kwa video ya nyama. Na matangazo ya kazi yanayoitisha Good Conduct kabla ya mahojiano pia sitayaweka, hata ukinilipa mara mbili. Andika "utaleta ukichaguliwa" na tutaelewana.

Mambo madogo ya DM nimalizie hapa ili nisijibu kila mtu:

Aliyeuliza kama lazima achukuliwe vidole Meru juu kitambulisho chake ni cha Meru: hapana, hata ukiwa Embu nenda Huduma Centre ya Embu, haina mambo ya kaunti yako. Beba kitambulisho chenyewe na kopi. Aliyeuliza kuhusu yule msee wa saiba anayesema atakutolea cheti siku moja kwa elfu tatu bila vidole: hicho ni cha kughushi, na utakuwa umelipa pesa kununua kesi. Na dada aliyeniandikia kuhusu mwalimu wa tuition wa mdogo wake, nimeona ujumbe wako. Usimngoje mama arudi Jumamosi. Piga 116 leo, na mdogo wako asirudi huko kesho.